Kimo cha Edisa

Ukitaka kujua marehemu wa kilima chetu walikuwa warefu kiasi gani, tazama milango yao. Imebaki michache. Aliyeitengeneza ni Masereka seremala, na kila mmoja aliukata kwa kimo cha mwenye nyumba, akiongeza upana wa vidole vinne juu ya utosi, ili mtu aingie kwake bila kuinama na bila kuacha pengo la kupitisha baridi ya mlimani. Mtu mfupi alikuwa na mlango mfupi. Mgeni mrefu akimtembelea, ilimbidi ainamishe kichwa mbele ya mwenyeji wake, na Masereka alisema hakuna ubaya, hiyo ni adabu tu.

Sasa milango ni ya chuma. Inachomelewa pale Bwera, kando ya barabara iendayo Mpondwe, yote kimo kimoja, kisha inapakwa rangi ya mbao, kana kwamba chuma kinaona haya kuwa chuma. Mwanangu aliniletea mmoja miaka michache iliyopita nami nikakubali. Ule wa zamani nikaufanya ukuta wa banda la mbuzi. Nalisema hili mapema kwa sababu humu nitalaumu wengi, na sitaki mtu aseme kwamba nilijiruka.

Masereka na mimi tulizaliwa mwaka mmoja. Mimi niliacha shule darasa la tatu, nikajisomea mwenyewe: magazeti yaliyofungiwa chumvi ya Katwe, vitabu vya padri aliyehama, chochote kilichokuwa na herufi. Kiswahili nilikiokota kwa Wakongo sokoni na kwa askari wa kambini, nikakinyoosha kwa kusoma. Kwa hiyo Masereka aliniita Mwalimu. Akitaka kunichokoza zaidi aliniita Mwalimu asiye na shule. Yeye hakusoma. Baba yake alipasua magogo msituni upande wa Ibanda, na bruda mmoja wa misheni akamfundisha kijana huyo kushika randa na patasi. Futi ya kupimia hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa na macho.

Alikutazama mara moja, kuanzia unyayo, taratibu, hadi utosini, kisha akaenda kukata mbao. Hakurudi kukuuliza kitu. Siku hizo kutazamwa na Masereka kulikuwa raha, maana kulikuwa na maana moja tu: unajenga, au unaoa na unahitaji kitanda. Wasichana walitembea wakipita mbele ya karakana yake bila sababu, wakijinyoosha shingo.

Edisa, aliyekuja kuwa mkewe, Masereka alimwona kanisani, Jumapili moja tu, amesimama safu ya mbele akiimba. Alikuwa mwanamke mkubwa, mabega kama ya mbeba mizigo, mrefu kuliko kaka zake. Posa ilipokubaliwa, Masereka alijenga jiko nyuma ya nyumba na kulitia mlango kabla bibi arusi hajakanyaga uani. Siku alipoletwa, shangazi zake walimpeleka jikoni kama ilivyo desturi, naye akapita chini ya kizingiti, akasimama, akainua mkono juu ya kichwa chake. Vidole vinne vilienea sawasawa, bila kubaki wala kupungua. Akageuka akamuuliza mumewe, mbele ya watu wote, kama kanisani alikwenda kusali au kupima. Tulicheka hadi jioni. Mlango ule ungali pale.

Walizaa watoto sita, wakabaki wawili: Nasani, anayeendesha lori la saruji kutoka Hima, na Naome, aliyeolewa Kabatoro kwa wafanyabiashara wa chumvi. Kwa miaka mingi Masereka hakukosa kazi. Kisha makochi yakaanza kuja kutoka Kasese yakiwa yamefungwa nailoni. Vikaja vitanda vya chuma. Ikaja milango. Vijana wakasema kitanda cha Masereka ni kizito mno, ukihama utakibebaje? Zamani nani alikuwa anahama? Ilipofika miaka ya karibuni, kazi moja tu ndiyo iliyobaki karakanani, kwa sababu msiba hausubiri gari litoke Kasese. Masereka akawa fundi wa majeneza.

Hata kwa marehemu hakupima. Alikwenda kutazama mlango wa nyumba yao.

Sasa nifike kwenye neno langu. Siku moja ya soko tulikuwa tumekaa kwenye kilabu cha tonto, ile pombe ya ndizi, wazee watano au sita. Pamoja nasi alikuwa Mugume, askari mstaafu kutoka Ankole aliyebaki huku baada ya kambi yake kuhamishwa, mtu wa kelele na kicheko. Masereka alipita njiani na mbao begani. Akasimama kutusalimu, na macho yake, kwa mazoea ya kazi, yakampanda Mugume kutoka viatu hadi kofia. Nami, nikiwa nimeshakunywa vibuyu viwili na nikipenda kusikilizwa, nikasema: "Afande, waage wanao. Fundi akikutazama hivyo, ujue mbao imeshachaguliwa."

Walicheka sana. Mugume alicheka kuliko wote. Masereka naye alitabasamu, akaenda zake.

Mugume alianguka na kufa kabla mwezi haujaisha. Presha, walisema. Lakini maneno yangu yalikuwa yameshatoka kilabuni, yamepanda kilima, yameingia majikoni, na yalipofika huko hayakuwa mzaha tena. Watu walisema: hata Mwalimu, anayesoma vitabu, aliliona, jicho la fundi linaua. Akina mama walianza kuvuta watoto nyuma ya vitenge Masereka anapopita. Wagonjwa walifunikwa nyuso. Kanisani, benchi lake lilipata nafasi pande zote mbili. Watu ambao kitanda cha ndoa yao na mlango wa nyumba yao vilitoka mikononi mwake walikuwa wakijificha nyuma ya migomba hadi apite. Mimi nilikasirika, nikawaita wajinga. Sikusema kwamba ujinga ule niliuzaa mimi.

Masereka hakugombana na mtu. Alianza kutembea akitazama chini. Nilidhani ni unyonge. Sikujua kwamba naye alikuwa ameyaamini maneno yale.

Nililijua hilo Edisa alipougua. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, mwaka juzi. Alianza kushindwa kula, tumbo likamvimba, sehemu nyingine za mwili zikaanza kwisha. Hospitali walisema ni uvimbe ambao umekaa mahali pasipokatika, wakampa dawa za maumivu na kumrudisha nyumbani. Naome alikuja kutoka Kabatoro kumwogesha na kumgeuza. Kazi nyingine zote alifanya Masereka mwenyewe. Alipika uji. Alifua. Mwanamume wa umri wake kwenye kilima hiki, akianika nguo za mkewe juu ya ua mbele ya macho ya watu.

Lakini hakumtazama. Uji aliuingiza akitembea kinyumenyume, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Aliweka kigoda kwenye kizingiti cha chumba cha mgonjwa, akakaa hapo kutwa nzima, mgongo kwake, uso uani, akikwangua kipande cha mbao kisichokuwa cha kazi yoyote. Waliongea hivyo. Edisa aliongea na mgongo, mgongo ukamjibu.

Nilikwenda kumsalimu. Masereka aliposogea kunipisha, Edisa aliniita karibu. Sauti yake ilikuwa bado ile ya kwaya, ila ilitoka mahali padogo.

"Mwalimu, mwambie rafiki yako mimi si mbao."

Nikamwambia fundi anamwogopea.

"Najua anachoogopa. Maneno ya kilabuni. Miaka arobaini na mitatu amenitazama, hata nikipepeta maharagwe alinitazama. Nilizoea. Sasa ninakufa na ninachoona ni shati lake. Wewe ndiye uliyeyasema. Nenda umwambie yalikuwa ya pombe."

"Nitamwambia, shemeji."

"Mwambie leo."

Nilitoka. Masereka alikuwa karakanani ananoa patasi. Nilikaa kwenye gogo. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni: Masereka, lile neno lilikuwa mzaha, halina kitu ndani yake. Nikaanza kuzungumza juu ya milango ya chuma. Nikasema inashika kutu, inaunguruma upepo ukivuma, haina heshima. Akakubali. Nikasema vijana hawajui mbao. Akakubali. Nikaaga. Nilijiambia kwamba nitasema kesho, kwamba neno kama hilo linahitaji nafasi yake. Ukweli ni kwamba watu wa kilima hiki huniheshimu kwa kitu kimoja tu, kwamba Mwalimu hasemi asichokijua, na sikutaka kuwa mtu wa kwanza kusema kwamba nilisema.

Kesho hiyo haikufika. Nilikwenda mara nne zaidi, na kila mara nililirudisha nyumbani.

Mara ya mwisho nilimkuta Edisa ameegemezwa kwenye mito, Naome yuko kisimani. Masereka alikuwa kwenye kigoda chake. Edisa hakuniangalia mimi.

"Baba Nasani, geuka."

Mkono wa Masereka ulisimama juu ya mbao. "Nikigeuka utakwenda."

"Nitakwenda hata usipogeuka. Geuka, niende nimeonwa."

Niliona shingo ya Masereka ikianza kuzunguka, kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Ningesema wakati huo. Neno moja tu lingetosha. Kisha akainuka akasema mbuzi wamefungua kamba, akatoka. Mbuzi walikuwa wamefungwa. Edisa alifumba macho, akaniambia nami niende.

Alifariki Alhamisi asubuhi, Masereka akiwa bondeni anakata majani. Naome ndiye aliyemfumba macho.

Nasani alifika mchana kutoka Hima, vumbi la saruji bado kwenye nyusi, na simu sikioni. Alikuwa ameshaagiza jeneza Kasese, lenye kioo kidogo juu ya uso na mishikio ya rangi ya dhahabu. Masereka alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mama yake hatazikwa ndani ya kabati la duka. Nasani alijibu kwamba baba anang'ang'ania ya zamani hata siku ya leo. Mbele ya waombolezaji. Siku zetu mtoto angepigwa makofi kwa hilo, lakini siku hizi watu huangalia pembeni, wakisubiri kuona nani atashinda. Simu ilipigwa tena. Jeneza la Kasese likasimamishwa.

Mbao zilikuwepo. Miaka sita zilikuwa zimelala juu ya boriti za karakana, zikikauka: libuyu, mbao nyekundu ya misitu ya Kongo, pana na nzito. Aliziuza Katembo, mfanyabiashara wa upande wa Beni, safari yake ya mwisho kabla hajaikimbia vita pamoja na jamaa yake. Nilikuwepo alipozishusha. Alimwambia Masereka: "Muzee, hii ndiyo ya mwisho. Kwetu kupasua mbao sasa iko kazi ya kufa. Batu ba musitu balikimbia bote. Uchunge hii muzuri." Masereka alizichunga. Wengi walitaka kuzinunua, akawaambia zina mwenyewe.

Siku ile hakuingia chumba alimolala mkewe. Alikata tete moja, akaenda nalo nyuma ya nyumba hadi jikoni. Akalisimamisha kwenye mlango ule wa arusi, kutoka ardhini hadi kizingitini, akapunguza vidole vinne, akalikata. Upana alioukumbuka wa mabega aliuweka kwa mikono yake miwili, akiibeba hivyo hewani hadi karakanani bila kuiacha ishuke. Alifanya kazi siku hiyo yote na asubuhi ya pili. Hakuweka msumari hata mmoja. Kila pembe iliingia ulimi kwenye tundu, ikafungwa kwa vigingi vya mti. Nimeona vitu vyake vyote vya maisha yake, na hakuna kilichofikia kile. Waliokuwa wakijificha nyuma ya migomba walikuja kukigusa.

Mchana wa Ijumaa wanawake walimweka ndani, kifuniko kikafungwa. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha. Wanaume sita waliinua, katekista akaanza wimbo, na hatua ya kwanza kuteremka uani kuelekea kaburini, ndani ya jeneza kitu kikateleza kutoka juu hadi chini na kugonga ubao.

Wimbo ulikatika. Wabebaji walijaribu kulisawazisha, nacho kikateleza tena upande wa pili. Wakaliteremsha. Mwanamke mmoja alinong'ona waongeze blanketi na vitenge, wajaze. Nasani alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Si niliwaambia?"

Masereka alikuwa amekaa upenuni, mgongo kwa watu. Aliuliza kuna nini. Ilibidi Naome aende akachuchumae mbele yake.

"Baba, halimtoshi. Ni kubwa. Umempima mama alivyokuwa."

"Nimempima mlangoni."

"Mlango ni wa msichana, baba. Mama aliisha."

Aliinuka. Alikuja hadi kwenye jeneza, akaamuru kifuniko kiondolewe. Watu walirudi nyuma, na wengine waligeuza nyuso, si kwa heshima, bali kwa hofu ya macho yake. Mimi sikugeuka. Alimtazama Edisa kuanzia nyayo, taratibu kama zamani, akapanda hadi utosini, na alipofika huko hakuondoa macho. Edisa alikuwa amelala kwenye kona ya ule ubao mwekundu kama mtoto aliyelazwa kitanda cha wazazi.

"Umepungua hivi," alisema, "na mimi niko mlangoni."

Akaomba atolewe, alazwe kwenye mkeka chini ya upenu. Akaleta msumeno. Nasani alimwambia wageni wamekaa mvuani, kaburi liko wazi, watu wa Kabatoro wana safari. Masereka aliling'oa jeneza kigingi baada ya kigingi, akalikata urefu, akalikata upana, akachonga upya kila ulimi na kila tundu, na baada ya kila kipande alirudi kwenye mkeka, akasimama, akamtazama. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Katekista alimaliza rozari akaanza tena. Wengine waliondoka, na nawafahamu kwa majina. Wachimbaji walirudisha udongo kwenye mwisho mmoja wa kaburi, kwa sababu nalo lilikuwa limechimbwa kwa Edisa wa zamani.

Alipomaliza walimweka tena. Masereka alipeleka mkono wake mwenyewe kati ya kichwa na ubao. Vidole vinne. Walipoinua mara ya pili hakikusikika kitu.

Nilimwendea baada ya arobaini. Vipande alivyokata vilikuwa vimesimamishwa karakanani, urefu wa mkono mmoja, vyekundu. Nasani alitaka kuvichukua akatengenezee kigoda, akakataliwa. Hakuna kazi iliyokuwa ikiendelea. Hata majeneza sasa yanatoka Kasese. Vijana wa pikipiki huyafunga nyuma kwa mipira na kuyapandisha kilimani kwa nusu saa. Masereka alikuwa amekaa tu, randa mapajani.

Nilimwambia. Nilichelewa mwaka mzima na zaidi, lakini nilimwambia: lile neno nililomwambia Mugume lilikuwa mzaha, sikuwa na maana yoyote, nilikuwa nimelewa.

Alinisikiliza akiwa anatazama uani, mahali palipokuwa na mkeka.

"Hukuwa unajua kitu?"

"Sikuwa najua kitu."

Hakuonekana kukasirika, na ningependa angekasirika.

"Mimi nilidhani umelisoma mahali," alisema.